Mvuvi Hana Jersey

Mvuvi wa Mkwaja anayemtumia mkewe pesa kwa simu hana siri kubwa. Laini yake imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, NIDA. Wasiofanya hivyo walianza kuzimiwa Januari 2020. Wakala akimtolea pesa huandika jina, namba na kiasi kwenye daftari lililo wazi mezani, na anayefuata kwenye foleni akitaka kusoma, anasoma. Serikali ilipoweka tozo ya miamala Julai 2021 haikuwa na haja ya kumtafuta.

Toleo hili linahusu siri ya benki, na sisi hatuipingi. Sheria ya Benki na Taasisi za Fedha ya 2006 inamzuia mtumishi wa benki kutangaza habari za mteja, na ni haki: mjane aliyeuza minazi yake Pangani hana sababu ya kuwaeleza mashemeji amebakiwa na kiasi gani. Tunachokikataa ni siri inayouzwa visiwa vya ng'ambo, ambako pamoja na salio hufichwa hata jina la mwenye mali.

Mfano tunao. Rada ambayo Tanzania iliinunua kwa kampuni ya Uingereza, BAE Systems, ilitugharimu takriban pauni milioni 28. Kiasi cha dola milioni 12.4 kililipwa kwa wakala wa mauzo hapa nchini, sehemu kubwa ikipitia Red Diamond, kampuni iliyosajiliwa British Virgin Islands. Wapelelezi wa Uingereza walipofuatilia suala hilo, ikajulikana kuwa Andrew Chenge, Mwanasheria Mkuu wakati rada inanunuliwa na baadaye waziri, alikuwa na zaidi ya dola milioni moja katika kisiwa cha Jersey. Aliziita vijisenti, akakana kuwa zinahusiana na rada, akajiuzulu uwaziri Aprili 2008. Hakuna mahakama iliyomtia hatiani kwa fedha hizo, wala sisi hatumhukumu. Kinachotukera ni kwamba fomu za mali za viongozi tunazo tangu Sheria ya Maadili ya 1995, na bado habari ilibidi itoke Ulaya.

Desemba 2010 BAE ilikiri kosa mahakamani London. Kosa lenyewe? Kutotunza kumbukumbu za hesabu ipasavyo. Faini, pauni 500,000. (Daftari la wakala wa mvuvi wetu lingewafaa.) Pauni milioni 29.5 walizokubali kutulipa, ile "chenji ya rada", ziliwekewa makubaliano 2012, zikaelekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi.

Jersey nayo huweza kufunguka ikitaka. Februari 2016 mahakama yake iliitia hatiani kampuni ya Windward Trading kwa kutakatisha fedha za rushwa zilizohusu shirika la umeme la Kenya, ikataifisha zaidi ya pauni milioni tatu. Kwa hiyo kuwalaumu wazungu wa visiwani peke yao ni kujipumzisha. Tangu marekebisho ya 2020 kampuni za hapa zinatakiwa kuijulisha BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, nani hasa anazimiliki, lakini daftari la majina hayo ni la vyombo vya dola. Mwandishi wa habari wa Tanga hawezi kulifungua akaona ni nani aliyenunua ufukwe. Tunataka lifunguliwe, majina tu, bila salio la mtu yeyote. Tutaambiwa wawekezaji watakimbia. Uingereza ililiweka lake wazi kwa kila mtu mwaka 2016, na watu hawajaacha kusajili kampuni London.