Kipaji Kinajificha, Tena Sana

Kila dirisha la usajili linapofunguliwa, kuna kauli inayopita redioni, vijiweni na kwenye mikutano ya vyama vya soka kama vile ni amri ya Mungu: kipaji hakijifichi. Mtoto mwenye mpira mguuni, wanasema, hata azaliwe wapi ataonekana tu. Asipoonekana, basi hakuwa nacho. Nimeisikia Ngara, nimeisikia Biharamulo, huku kwetu Kagera, na mara nyingi anayeitamka ni mtu anayefaidika nayo. Skauti ambaye hajawahi kuvuka Nyakanazi, kauli hii inamhakikishia kwamba hajakosa kitu. Kiongozi ambaye ligi ya wilaya yake inachezwa wiki chache kisha inazimika, kauli hiyo inamvua lawama. Mzigo wote unabaki kwa kijana wa miaka kumi na sita wa Rulenge, ambaye eti angekuwa mzuri kweli angeshaonekana.

Shahidi anayeletwa kila mara ni Mbwana Samatta. Haya, tumwangalie. Alikulia Mbagala, akachezea African Lyon, kisha Simba. Mwaka 2011 Simba ilikutana na TP Mazembe katika Ligi ya Mabingwa Afrika, Mazembe wakamwona na kumchukua. Januari 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji, na Januari 2020 Aston Villa ya Uingereza. Kila hatua ya safari hiyo kando ya uwanja alikuwapo mtu mwenye macho na mwenye hela. Mbagala na Uwanja wa Mkapa vyote viko Temeke. Unapanda daladala tu. Sasa mwondoe Samatta huyo huyo umweke Murusagamba, kusini kabisa mwa Ngara, jirani na Burundi, halafu uniambie Mazembe wangemwona saa ngapi.

Ngara ina jiografia ya kuchekesha kwa mambo haya. Ukiwa Rusumo, mpakani na Rwanda, Kigali iko karibu kuliko Bukoba ilivyo kwa mtu aliyeko Ngara mjini, na Bukoba ndiko kwenye makao ya mkoa na Uwanja wa Kaitaba. Kijana anayeitwa Kaitaba kwa majaribio anashinda barabarani, anafika amekunjika miguu, na asubuhi anaambiwa aonyeshe kasi yake. Biharamulo wana nafuu kidogo, kwa sababu macho yao yako Geita na Mwanza, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hawasubiri tena kivuko. Lakini ngazi yenyewe ni ile ile kwa wote wawili: ligi ya wilaya, ya mkoa, mabingwa wa mikoa, First League, Championship, ndipo Ligi Kuu. Tena mwaka 2025 Kagera Sugar iliteremka daraja baada ya takriban miongo miwili ya Ligi Kuu, na mkoa mzima ukabaki bila mechi za Ligi Kuu ambazo mtoto angeenda kujipima nazo kwa macho.

Basi kinachobaki kuwa dirisha la vijana hawa ni mashindano ya kiangazi. Mwezi Juni unapoingia, mvua imekatika, shule zinakaribia kufungwa, kahawa inaanikwa, watu wana vijisenti. Diwani anatoa jezi, mfanyabiashara anatoa mpira, mgombea wa ubunge (ikiwa ni mwaka wa uchaguzi, usiulize) anatoa ng'ombe wa mshindi wa kwanza na mbuzi wa mshindi wa pili. Mimi nayapenda mashindano haya kuliko mechi nyingi za Ligi Kuu. Yana watu, yana kelele, yana akina mama wanaouza ndizi za kuchoma huku wanamtukana mshika kibendera. Sina neno baya nayo kama burudani. Ugomvi wangu ni pale yanapogeuzwa mizani ya kupimia mchezaji.

Angalia uwanja wenyewe. Ngara ni nchi ya vilima, na viwanja vingi vya vijijini vimechongwa ubavuni mwa kilima. Timu inayocheza kipindi cha pili kuelekea bondeni inaona mpira unakimbia wenyewe. Milingoti ni ya mikaratusi, nyavu hakuna, mstari wa kati umechorwa kwa majivu na kufikia dakika ya ishirini umeshafutika. Vumbi jekundu likitimka kwenye boksi, kipa anaudaka mpira kwa kusikia. Mpira ukitambaa vizuri, unagonga kichuguu na kuruka mpaka kifuani kwa beki. Mshambuliaji mwenye akili ya mazingira haya hatafuti pasi ya mguuni. Anasubiri mpira mrefu, anamtanguliza beki kwenye mteremko, anapiga kabla vumbi halijatua. Anamaliza mashindano na mabao kumi na moja. Mtu anapiga simu Geita: kuna mtoto huku, kafunga kumi na moja.

Kumi na moja dhidi ya nani? Hapo ndipo watu wanapokunja uso. Timu ya kijiji ikifika nusu fainali inaanza kukusanya mamluki: mmoja kutoka Kabanga, wawili waliovuka kutoka ng'ambo ya mpaka, mwingine aliyewahi kucheza Championship na sasa anaendesha bodaboda Lusahunga. Timu isiyo na pesa ya mamluki inaingia na mlinda mlango aliyeazimwa asubuhi. Katika mashindano hayo hayo, bao moja limefungwa dhidi ya mabeki wa kweli na matano dhidi ya vijana waliotoka shambani kuvuna maharage. Daftari la mfadhili halitofautishi. Linaandika jina na idadi.

Kijana huyo wa mabao kumi na moja anakwenda majaribio siku mbili, kwenye uwanja wa nyasi, dhidi ya mabeki wanaojipanga kwa mstari. Mpira haukimbii bondeni, anachelewa, anaotea mara kwa mara, anarudishwa. Nyumbani wanasema: kumbe hakuwa na kipaji. Mwenzake aliyecheza kiungo, aliyekuwa anatuliza mpira kwenye vichuguu na kugeuka kabla hajaguswa, hakufunga hata bao moja, kwa hiyo hakuna aliyempigia simu mtu yeyote. Makosa yamefanyika mara mbili na kauli yetu imetoka salama.

Wamarekani wana mchezo wao wa besiboli, ambao kwetu hauna wafuasi wengi, lakini wameshalipambanua hili. Wachezaji wa vyuo vikuu vyao hutumia magongo ya alumini, ambayo hurusha mpira kwa urahisi. Majira ya joto, vyuo vikifungwa, walio bora huenda ligi ya Cape Cod, jimboni Massachusetts, ambako tangu 1985 wanapiga kwa gongo la mbao kama wanavyofanya wanaolipwa mshahara. Kijana aliyekuwa mfalme chuoni anafika pale anaanza kukosa. Mwingine ambaye takwimu zake zilikuwa za kawaida anaendelea kupiga vilevile, na thamani yake inapanda. Vyuo vinavyowania wachezaji wanaohama chuo navyo huyatazama matokeo ya kule. Waliondoa kitu kinachovimbisha takwimu, ndipo wakatazama. Sisi tunafanya kinyume chake. Tunachukua takwimu zilizovimbishwa na mteremko, mamluki na makipa wa kuazima, tunazipeleka mjini kama zilivyo.

Kuna kinachovimbisha kuliko vyote, nacho ni umri. Kila anayefuatilia mashindano ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, anajua neno kijeba. Mtoto wa shule ya msingi mwenye ndevu zilizonyolewa jana anampita wa miaka kumi na mbili kama anapita kigingi, mwalimu anashangilia, kombe linaletwa shuleni. Si Kagera peke yake. FIFA ilianza kutumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2009 kwa sababu hiyo hiyo. Na hata bila udanganyifu wowote, miezi michache tu inatosha kuharibu hesabu. Mwaka 1985 Roger Barnsley na wenzake walionyesha kwamba wachezaji wa hoki ya barafu Kanada waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka ni wengi kupita kiasi, kwa kuwa utotoni walikuwa wakubwa kidogo kuliko wenzao wa rika lile, wakachaguliwa, wakafundishwa zaidi, na pengo likazidi kupanuka. Huko ni miezi. Kwenye madarasa yetu ya vijijini, ambako mmoja ameanza shule na miaka sita na mwingine na tisa, na cheti cha kuzaliwa kinatafutwa siku ya kujaza fomu, ni miaka. Kipaji cha yule mdogo kipo. Kimejificha nyuma ya bega la kijeba.

Mnaodhani tatizo hili ni la mchangani tu na kwamba klabu kubwa zinajua kupima, mkumbuke Geita Gold, majirani wa Biharamulo. Msimu wa 2021/22 George Mpole alimaliza kinara wa mabao wa Ligi Kuu akiwa na 17, mbele ya Fiston Mayele wa Yanga mwenye 16. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa akimpigania. Baadaye akaenda FC Lupopo ya Lubumbashi, hakudumu, akarudi nyumbani na kuonekana tena Pamba Jiji ya Mwanza. Miguu ni ile ile. Kilichobadilika ni timu iliyomzunguka, namna mipira ilivyomfikia na nani alikuwa anamwamini. Aliyemnunua kwa kuangalia 17 peke yake alinunua msimu mmoja wa Geita nzima akidhani amenunua mtu mmoja.

Halafu Saido Ntibazonkiza, Mrundi ambaye watu wa Ngara wanamhesabu kama wa kwao. Alizaliwa 1987. Yanga wakaachana naye mwaka 2022, wengi wakasema mzee amekwisha. Geita Gold wakamsajili. Desemba mwaka huo huo Simba wakamfuata, na msimu wa 2022/23 ulipoisha alikuwa na mabao 17, sawa na Mayele, kileleni. Mchezaji aliyecheza Uholanzi, Poland, Ufaransa na Uturuki, tena amechezea Yanga mbele ya maelfu ya watu na kamera za televisheni, bado alipimwa vibaya ndani ya miezi sita. Kama kipaji chake kilijificha pale, cha mtoto wa Nyakahura kitajitokeza kwa miujiza gani?

Nitaambiwa: mbona wapo waliotoka vijijini wakatoboa? Wapo. Hao ndio tunaowaona, na ushahidi wa wanaoonekana hauwezi kusema lolote kuhusu wasioonekana.

Nitaambiwa pia kwamba fedha hazipo za kuzungusha skauti vijiji vyote. Hapo ndipo uvivu wa kauli hii unapotugharimu taslimu. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa nje ya nchi akiwa ndani ya mkataba, asilimia 5 ya bei inakatwa na kugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila msimu wa kuanzia miaka 12 hadi 15 unalipwa robo ya asilimia moja ya bei, na kila msimu wa miaka 16 hadi 23 nusu ya asilimia. Kijana aliyechezea klabu ya Ngara misimu sita, tangu akiwa na miaka 12 hadi 17, kisha akaja kuuzwa dola milioni moja, anaipatia klabu hiyo dola 20,000, karibu shilingi milioni 50. Tangu Novemba 2022 FIFA ina chombo maalumu cha kupitishia malipo hayo. Lakini kinalipa klabu iliyosajiliwa, kwa mchezaji aliyeandikishwa, kwa tarehe zinazoonekana kwenye mfumo. Timu inayozaliwa kila Juni kwa jezi za diwani na kufa Agosti baada ya kuchinja ng'ombe haimo kwenye mfumo wowote. Imemlea mtoto miaka sita na haiwezi kuthibitisha hata siku moja.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya karani kuliko ya kocha: sajili klabu, andika tarehe ya kuzaliwa mtoto akiwa bado na miaka kumi na moja, kabla hajajua faida ya kudanganya. Ligi ya wilaya ichezwe miezi, hata kama ni mechi moja kila Jumapili na zawadi ni mpira mmoja. Ng'ombe wa mgombea akigawanywa kuwa nauli na chokaa, anatosha msimu mzima. Mwalimu wa michezo apewe daftari lenye safu zaidi ya mabao: alicheza upande gani wa mteremko, aliyemkaba ni nani na ana umri gani, alipoteza mpira mara ngapi, timu ilipofungwa alifanya nini. Si sayansi ya roketi za Wamarekani. Ni kalamu.

Na skauti wa Geita, Mwanza au Bukoba anayepigiwa simu Julai kuhusu mabao kumi na moja, aje, karibu sana, ndizi za kuchoma zipo. Aulize alipo yule kiungo ambaye hakufunga. Kisha arudi Novemba, mvua ikiwa imeloanisha kilima, mamluki wamerudi kwao na mashabiki wako shambani, aone nani bado anajua kucheza.