Naulizwa sigara, siulizwi kazi



Mimi ni fundi seremala wa Nyakabiga. Vitanda na makabati yangu yametapakaa kutoka Jabe hadi Kinindo, na mengi ni ya libuyu, mbao nzito ambayo ukiipiga msasa inatoa vumbi laini kama unga wa ngano. Vumbi hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kila niingiapo kwenye kituo cha afya kwa ajili ya kifua, swali ni lile lile: "Papa, unavuta sigara?" Sivuti, wala sijawahi. Muuguzi anaandika hapana, tunahamia kwenye homa na uzito. Daftari langu la matibabu lina jina, umri, koline (kilima) nilikozaliwa, hata jina la mke wangu. Kazi yangu haimo. Miaka yote hii ya kukohoa, hakuna aliyetaka kujua mchana nashinda wapi na navuta hewa gani.

Mwanzoni walishuku kifua kikuu. Hapo siwalaumu, maana kwetu mtu akikohoa wiki nyingi lazima apimwe. Makohozi yakachunguzwa, hamna kitu, nyumbani wakashangilia. Kumbe kifua kikuu kingekuwa na nafuu yake: dawa zake ni bure, na mgonjwa anafuatiliwa mpaka apone. Nilichokutwa nacho baadaye, nilipopulizishwa kwenye mashine ya kupima pumzi, daktari alikiita BPCO, yaani njia za hewa zimebana na hazifunguki tena sawasawa. Ugonjwa huu hauponi, unatunzwa tu, na pampu yake nainunua mwenyewe kila inapokwisha.

Presha nayo ikapimwa: 170 kwa 100. Tangu hapo nina sehemu mbili za kutibiwa. Kwa presha naenda kwingine, nako wana daftari lao.

Watu wachache wanaambiwa kwamba magonjwa haya mawili hugombana kwenye vidonge. Dawa ya presha kama propranolol inaweza kumbana kifua mtu mwenye njia za hewa mbovu. Zipo ndugu zake zinazolenga zaidi moyo, ambazo kifua huzistahimili, lakini atakayekuchagulia hizo ni yule anayejua kwamba una kifua. Kaptopril na enalapril huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu. Sasa mtu aliyekuwa akikohoa tangu zamani atajuaje kama ni mbao au ni kidonge? Prednisoloni, tunayopewa kifua kikizidiwa, huzuia chumvi na maji mwilini na kupandisha presha. Na diklofenaki, rafiki wa kila seremala mwenye mgongo, inayouzwa bila hata kuulizwa jina, nayo inapandisha. Mimi niliandikiwa pampu mahali pamoja na propranolol mahali pengine, na usiku wake nililala nimekaa kitandani, mke wangu akinipepea. Waliokosea sikuwaona, maana kila mmoja alitibu sawasawa kile alichokiona kwenye daftari lake.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio ya vifo vinavyotokana na kazi. Kwa mwaka 2016 pekee vilifika karibu milioni 1.9. Ajali zote za kazini zilichukua watu 360,000. BPCO peke yake ilichukua 450,000. Yaani ugonjwa huu wangu unaua kuliko misumeno, ngazi na mashine zote zikiwekwa pamoja! Lakini msumeno ukimkata kijana kidole, mtaa mzima unakusanyika na patroni anatoa pesa ya teksi. Anayekohoa anaambiwa anywe maji ya moto na tangawizi.

Sheria ipo, na ndiyo inayoniuma zaidi. Mchango wa INSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa ajili ya hatari za kazini, asilimia 3, unatolewa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata faranga moja. Orodha ya magonjwa ya kazi ya Shirika la Kazi Duniani, ile iliyorekebishwa mwaka 2010, inautaja ugonjwa wangu, tena inataja na vumbi la mbao kwa jina. Ila wengi wetu ni vibarua na wanagenzi, hatujaandikishwa popote. Na hata yule aliyeandikishwa, siku akienda kudai, atathibitishaje? Atafungua daftari la miaka mingi na kukuta limeandikwa kwamba havuti sigara.

Naambiwa mafundi ni wakaidi, tukipewa barakoa tunaivua. Ni kweli tunaivua. Ingia karakana ya Nyakabiga mwezi wa tisa, chini ya mabati, jenereta ikiunguruma humo humo ndani kwa hofu ya wezi, mlango umefungwa kwa sababu majirani wamelalamikia vumbi, halafu uone utakaa na kitambaa puani kwa dakika ngapi. Tena kitambaa hakizuii ile punje ndogo kabisa, na hiyo ndiyo inayofika ndani ya mapafu. Vumbi linatakiwa lifyonzwe pale pale linapotoka kwenye mashine, na jenereta ikae nje. Wakaguzi wa kazi wakipita huku kwetu na kulisimamia hilo, patroni watalisikia. Sisi tukilisema tunaambiwa vijana wanaotaka nafasi zetu wamejaa barabarani. Na vijana hao wanalala humo humo karakanani, juu ya maranda.

Kwa Wizara ya Afya ombi langu ni dogo zaidi. Mtu mzima akija na kikohozi cha muda mrefu, apimwe na presha; akija na presha, aulizwe pumzi, na dawa zake zote ziandikwe kwenye daftari moja. Na juu ya ukurasa wa kwanza kuwe na mstari wa kazi anayofanya na miaka aliyoifanya. Kama kuchapisha madaftari mapya ni gharama, basi kila kituo kichongewe muhuri wenye neno "kazi" na nafasi tupu mbele yake, ugongwe kwenye haya haya ya zamani. Mpini wa muhuri wa kituo chetu nitauchonga mimi, bila malipo.

Fundi seremala,
Nyakabiga, Bujumbura