Sabuni ya nazi ndiyo, kostiki nyumbani hapana

Katika parokia zetu za pwani vikundi vya akina mama vinavyotengeneza sabuni ya nazi ni vingi. Jambo hili naliunga mkono kwa moyo wote. Nyumba yenye sabuni karibu na choo na karibu na jiko ina kinga kubwa dhidi ya kuhara, na minazi tunayo wenyewe. Tena sabuni ya nazi ina sifa yake: hutoa povu hata katika maji ya chumvichumvi kama ya visima vyetu vingi, ambapo sabuni nyingine hushindwa.

Lakini ninalo neno moja kwa vikundi hivi, na ninalisema nikijua kuwa nami nina deni. Miaka kadhaa iliyopita niliwafundisha akina mama kutengeneza sabuni hii. Nilieleza vipimo, nikaeleza namna ya kukoroga na kukata. Sikueleza kostiki soda inayobaki iwekwe wapi. Baadaye tulipokea wodini mtoto wa miaka mitatu. Maji ya kostiki yaliyobaki yalikuwa yametiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, ikawekwa chini ya meza. Maji hayo hayana rangi, na mtoto alikuwa na kiu. Alipiga funda moja tu.

Midomo ilivimba, udenda ukamtoka, hakuweza kumeza hata mate. Alipona vidonda, lakini kovu likaziba njia ya chakula. Ilibidi alishwe kwa mpira uliopitishwa tumboni, na kwa miezi mingi alipelekwa hospitali kubwa kupanuliwa koo. Mama yake hakuwa mzembe. Alifanya kama alivyofundishwa.

Wapo wanaosema tuache kabisa, tununue sabuni dukani. Siafiki. Sabuni hii inazipatia familia usafi na fedha kidogo za daftari na kalamu. Wengine husema mama mwangalifu hahitaji masharti. Nao siwaafiki, kwa sababu hakuna mama anayeweza kumtazama mtoto wa miaka mitatu saa zote. Ushauri wangu ni huu: kostiki isilale nyumbani. Kikundi kinunue pamoja, kitengeneze pamoja siku moja, mahali pamoja pasipo na watoto, na kiitumie yote siku hiyo hiyo.

Hili linawezekana ikiwa tutapima. Kwa kilo 1 ya mafuta ya nazi, gramu 160 za kostiki zinatosha, na sabuni haitakausha ngozi sana. Maji ni gramu 250, na tui zito gramu 100. Vyote vipimwe kwa mizani, si kwa kikombe wala kijiko. Basi kikundi chenye kilo 5 za mafuta kinunue gramu 800 tu. Kitakachozidi ndicho kinachokwenda kulala chini ya meza.

Siku ya kazi tuzingatie haya:

1. Tufanyie kazi nje, penye hewa, tukiwa na glavu za mpira, miwani, viatu na nguo za mikono mirefu.

2. Tusitumie sufuria za alumini tunazopikia. Kostiki huzila na kutoa hewa inayoweza kuwaka. Ndoo ngumu ya plastiki na mwiko wa mti vinafaa, navyo visirudi tena jikoni.

3. Kostiki ndiyo inayotiwa ndani ya maji, kidogo kidogo. Tusimwagie maji juu ya kostiki, kwani huchemka na kuruka usoni. Tuache ipoe.

4. Mafuta yawe vuguvugu. Tutie maji ya kostiki polepole huku tukikoroga. Mchanganyiko ukianza kuwa mzito kama uji, ndipo tutie tui. Tui likikutana na kostiki ikiwa bado ya moto, sukari yake huungua, na sabuni huwa ya kahawia yenye harufu mbaya.

5. Tumimine kwenye kisanduku kilichotandikwa nailoni. Sabuni ya nazi huwa ngumu upesi, hivyo tuikate siku hiyo hiyo, bado tukiwa na glavu. Kisha ikae mahali pa hewa wiki 4 au zaidi kabla ya kutumika.

Ikiwa kostiki itabaki kwa bahati mbaya, ikae kwenye chombo chake chenye maandishi, ifungiwe kwa kufuli, na ufunguo awe nao mtu mmoja aliyechaguliwa na kikundi. Kamwe isiingie kwenye chupa ya maji au ya soda, wala kwenye kopo la sukari.

Ajali ikitokea: kostiki ikimwagikia ngozi, vueni nguo zilizolowa na osheni kwa maji mengi yanayotiririka dakika 20 au zaidi. Jicho nalo lioshwe hivyo hivyo, kisha hospitali. Msipake ndimu wala siki. Mtoto akimeza, msimtapishe, maana ikirudi itaunguza mara ya pili. Wengi hukimbilia dafu, maziwa au mafuta, msimpe. Mfuteni na kumsafisha mdomo kwa maji, kisha mkimbizeni hospitali mara moja pamoja na chombo chenyewe. Hata akionekana mzima baada ya saa moja, mpelekeni, kwa kuwa madhara ya ndani hayaonekani mdomoni.

Nawaomba viongozi wa vikundi na wa jumuiya: kabla ya somo la sabuni halijaanza, swali la kwanza liwe, "Kostiki itakayobaki itawekwa wapi, na nani ana ufunguo?" Kama hakuna mwenye jibu, somo lingoje mpaka jibu lipatikane. Mimi swali hilo sikuliuliza siku ile, na mtoto yule ndiye aliyelipia. Sasa naliuliza kila mahali ninapoitwa kufundisha.