Nyimbo za Nyatiti Zisizikwe Vitabuni

Kwa desturi ya Wajaluo mtu akifariki, mpiga nyatiti huketi kwenye kigoda chake kifupi, njuga mguuni na pete ya chuma kidoleni mwa mguu, akamlilia marehemu kwa jina lake, ukoo wake na matendo yake. Nyuzi ni nane tu, lakini historia iliyomo ni ya pwani nzima ya ziwa letu.

Si kweli kwamba hakuna aliyejali kuzikusanya. Marehemu Henry Owuor Anyumba aliandika juu ya nyimbo hizo za maombolezo mwaka 1964. Mwaka 1974 B. Onyango-Ogutu na A. A. Roscoe walitoa kitabu cha fasihi simulizi ya Wajaluo. Kabla yao, Hugh Tracey alipita Kenya na mitambo ya kunasa sauti mwaka 1950 na 1952, na hazina yake imehifadhiwa Afrika Kusini. Marehemu Bi. Asenath Bole Odaga naye alianzisha kampuni ya uchapishaji papa hapa Kisumu mwaka 1982.

Lawama yangu ni hii: sehemu kubwa ya kazi hiyo imetufikia kwa Kiingereza. Wimbo uliotafsiriwa, maneno yake ya asili yakaachwa nje, haukuhifadhiwa, umesimuliwa tu. Mtoto wa Kondele au Dunga hawezi kuuimba. Okot p'Bitek, aliyepata kufanya kazi Kisumu, alituonyesha njia mwaka 1974 alipochapa nyimbo za Kiacholi kwa Kiacholi chenyewe pamoja na tafsiri.

Tena kuna pakruok. Msikilizaji hutoa pesa, akamsimamisha mpigaji, akajisifu yeye na rafiki zake. Wako watakaosema hiyo ni fujo, ikatwe ili kitabu kiwe safi. La hasha! Hapo ndipo wimbo unapokutana na wenyewe.

Kwa hiyo natoa shauri. Kila wimbo uchapwe kwa Kijaluo, Kiswahili kando yake, na jina la mwimbaji, mahali na shughuli ulikoimbwa. Mwimbaji alipwe haki yake. Nakala ya sauti iwekwe katika Makumbusho ya Kisumu, mwananchi yeyote aisikilize.

Tusingoje. Mpigaji akiisha kuzikwa, hakuna wa kuulizwa neno lile gumu lilikuwa na maana gani.