Mwandishi wa teknolojia, njoo ukae dirishani kwangu

Msimu wa kakao ukichanganya, kibanda changu cha miamala ya simu hapa Mwaya, wilayani Kyela, kinapata foleni tangu asubuhi, na foleni hiyo huja na maswali. Mama aliyetumiwa elfu hamsini na mwanawe aliyeko Tunduma anataka kujua kwa nini hawezi kuitoa yote. Kijana amekosea tarakimu moja, pesa imekwenda kwa mtu asiyemjua, anauliza kama inarudi. Mvuvi anayetega upande wa mdomo wa mto Songwe analalamika kwamba simu yake ikishika mnara wa Malawi salio linaisha hajui limeishaje. Mzee amepokea ujumbe wa “ile hela itume kwenye namba hii”, na kwa kuwa kweli kuna mtu anamdai, amekuja kuituma.

Gazeti nalinunua kila ninapofika Kyela mjini, na ukurasa wa teknolojia ndio ninaouanza, maana ndiyo kazi inayonilisha. Maswali ya foleni yangu siyakuti humo. Nakuta simu iliyozinduliwa Barcelona, bei yake imeandikwa kwa dola, GB zake na megapikseli zake, na chini yake picha ya wakubwa wakikata utepe mahali fulani. Habari hizo zina wasomaji wake na siombi zifutwe. Ninachosema ni kwamba ukurasa mzima ukijaa za aina hiyo, mwandishi anakuwa amemsikiliza muuzaji peke yake, na yule anayeishika simu hajaulizwa chochote.

Chukueni suala la utapeli. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ina namba 15040 ya kupokea taarifa za namba za matapeli. Ipo pia *106#, ambayo mtu akiipiga anaweza kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza Mei 2019, hilo la pili ni jambo zito, kwa sababu laini ikisajiliwa kwa kidole chako na mtu mwingine akaitumia kutapeli, wa kwanza kutafutwa ni wewe. Mambo haya yalitangazwa na magazeti yaliandika. Lakini yaliandikwa kama habari ya mkutano: ofisa fulani amewataka wananchi wawe makini, akasisitiza, akaongeza. Namba yenyewe ikawekwa aya ya tisa. Mtu anayesomewa gazeti na mjukuu wake, kitochi kikiwa mkononi, angeipata saa ngapi?

Ningekuwa mhariri, namba hiyo ningeiweka juu kabisa, kwa herufi kubwa, ikiandikwa kama tunavyoitamka: nyota, 106, reli. Kisha ningeandika kioo kitaonyesha nini, ubonyeze ipi, kama kuna makato au hakuna, na ufanye nini ukikuta laini usiyoijua. Aya nne zingetosha. Na kabla haijachapwa ningemtafuta mtu ambaye hajawahi kuifanya, nimpe maandishi na simu yake mwenyewe, nikae kimya nimwangalie. Pale anaponiinulia uso kuniuliza, hapo ndipo maandishi yana kasoro.

Wapo watakaosema msomaji wa kijijini hana elimu ya kufuata mambo ya kitaalamu. Mimi nalikataa hilo kwa nguvu zote, na ushahidi ninao ndani ya nchi hii. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa kwenye vikundi vya vijiji kwa majuma 12, wakitumia redio na kitabu. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wamefundishwa kabla. Marehemu mama yangu alikuwa katika kikundi kimoja, na alikuwa akinisimulia utaratibu: mnasikiliza kipindi cha Redio Tanzania, mmoja anasoma kitabu kwa sauti, mnajadili, halafu mnaamua mtakwenda kufanya nini kabla ya kukutana tena. Yaliyojadiliwa ni kichocho, minyoo, malaria, kuhara, kifua kikuu. Hayo ni mambo ya kitaalamu kuliko makato ya muamala. Watu walitoka pale wakachimba vyoo. Na waliobuni kampeni hawakuridhika kwamba matangazo yamerushwa. Watafiti waliingia kwenye nyumba za watu, kabla na baada, kuangalia kilichobadilika.

Hicho cha mwisho ndicho ninachokililia zaidi. Sijui gazeti gani leo linalorudi kwa msomaji kumuuliza, “Tulikuelekeza hivi, je, ulifanikiwa?” Zamani gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923 chini ya idara ya elimu, lilikuwa linapokea barua na mashairi kutoka bara hadi pwani, msomaji alikuwa pia mwandishi. Majirani zetu wa Kenya tangu 2012 wana kipindi cha Shamba Shape Up, kinachoingia shambani kwa mkulima halisi, na mtazamaji anaweza kutuma ujumbe mfupi akapata maelezo zaidi. Ujumbe mfupi, narudia, maana huku wengi hawana bando wala simu ya kufungua mtandao. Gazeti likiweka namba ya kupokea maswali kwa ujumbe mfupi, na sisi mawakala tukabandika namba hiyo dirishani, ukurasa huo hautakosa la kuandika mwaka mzima.

Waandishi wa kuifanya kazi hii hawako mbali. Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, MUST, vijana wanajua mifumo hii kwa ndani, na basi la kuja Kyela lipo. Mmoja wao akikaa dirishani kwangu asubuhi moja tu, aache wateja waongee, ataondoka na daftari limejaa. Nitampa kiti, na mchele wa Kyela atakula.

Na aanze na kakao. Mnada wake sasa unapita kwenye mfumo wa mtandao wa Soko la Bidhaa, TMX. Mzigo uko ghalani, wanunuzi wanatia bei zao kwa kompyuta, mkulima anasubiri kuambiwa. Bei ikipanda, ikishuka, watu hapa wanasema “kompyuta imekataa”, kana kwamba kompyuta ndiyo iliyonunua. Nani anaweka bei ya kwanza? Mnunuzi mmoja anaiona bei ya mwenzake? Mkulima, au hata katibu wa chama chake cha msingi, anaruhusiwa kuangalia mnada ukiendelea, na aangalie wapi? Naomba mwandishi atufuatilie hayo matatu, ayaandike kwa Kiswahili cha nyumbani, na siku gazeti likitoka nitalisoma kwa sauti kwenye foleni.