Likasi: kutoka gita ya Mwenda Jean Bosco mpaka biti za telefone

Leo, kijana wa Likasi akitaka kutoa wimbo, mara mingi anaanza na biti. Anaitafuta kwa intaneti, ao rafiki anamutengenezea kwa ordinatere, kisha anatafuta maneno ya kuingiza ndani. Wazee wanalalamika kama nyimbo zote zinafanana, eti vijana hawana akili ya kutunga. Lawama hiyo inakosea njia. Sehemu kubwa ya neno hili iko ndani ya chombo chenyewe.

Mfano uko hapa hapa kwetu. Mwaka 1952, wakati muji ulikuwa bado unaitwa Jadotville, Hugh Tracey, mtu aliyekuwa anazunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alimukuta hapa Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa mwaka 1930. Akamurekodi akipiga "Masanga". Mutu mumoja, gita moja isiyo ya umeme. Lakini ukisikiliza unaweza kuapa kama wako wawili: kidole gumba kinashika besi, na kidole cha shahada kinachezea sauti za juu. Mupiga ngoma hakuna, basi mukono wenyewe unabeba mwendo wote.

Mikono ikiwa na kazi mingi namna hiyo, maneno hayawezi kutangulia. Bosco anashika muzunguko mufupi wa gita, anaurudilia, anaubadilisha kidogo, na sauti yake inaingia pale gita inaiachia nafasi. David Rycroft, aliyechambua muziki huo kwa jarida "African Music" mwaka 1961 na 1962, alijishughulisha hasa na gita ya Bosco na jinsi anavyoibadilisha akiwa katikati ya kupiga.

Ndugu yake Edouard Masengo alipiga gita vilevile, lakini kwake gita inapunguza kazi ili hadisi isikilike. Basi chombo hakimufunge mutu kabisa. Kinamupa tu mahali pa kuanzia.

Mutu atasema: hata Bosco alirudilia kitu kimoja, sasa biti ina kosa gani? Ni swali la haki. Tofauti ni kwamba mukono unaweza kungoja. Muimbaji akitaka neno moja zaidi, gita inazunguka tena mara moja, kisha anaendelea. Biti iliyokwisha kutengenezwa haimungoje mutu. Kiitikio kikifika, kimefika. Muimbaji anakata maneno yake, na mara mingine anakata lile neno la Kiswahili cha Likasi lililokuwa refu kidogo, anaweka la kifupi lililosikika tayari Kinshasa ao Lagos. Hapo ndipo muji unapoteza kitu.

Tena, biti imefungulia mulango watu wengi wasiokuwa na feza ya gita, wala mutu wa kuwafundisha. Kuwaambia warudi kwa gita tu ni maneno ya bure. Bosco mwenyewe aliaga dunia mwaka 1990 kwa ajali ya gari Zambia, na vidole havifundishwe vizuri kwa kusikiliza tu.

Lakini studio ndogo yenye mikro moja inaweza kurekodi mupiga gita wa mutaa kwa dakika chache, kukata muzunguko mumoja wa mukono wake, na kuujenga kuwa biti. Mwendo wake utatoka Likasi, na muimbaji anaweza kuomba urefushwe mbele ya kuandika maneno.