Taa ya Breki Isiyozimika

Mama mmoja wa Kayole ametuletea swali. Anayo pikipiki, naye amemkodisha kijana aifanyie kazi ya bodaboda kwa hesabu ya kila siku. Tangu mvua zianze, taa ya breki huwaka kutwa, ikanyagwe breki isikanyagwe. Kijana anataka kukata waya yaishe. Mama auliza: je, yafaa?

Jawabu letu ni kwamba haifai. Kazi ya taa ile ni kumjulisha aliye nyuma kwamba pikipiki inapunguza mwendo. Ikiwaka daima, dereva wa matatu katika Barabara ya Jogoo hana cha kujua kwayo. Na waya ukikatwa, hajui vilevile. Kwa hali zote mbili, wa kwanza kugongwa ni aliyekaa nyuma, na katika mitaa yetu, tangu Pumwani hata Umoja na Komarock, mara nyingi huyo ni mama aliyempakata mtoto wa madrasa. Mafakihi wamekubaliana kwamba dhara huondolewa, lakini si kwa kuleta dhara jingine mfano wake.

Na ubovu wenyewe si mkubwa hata uhitaji kisu. Pikipiki zetu nyingi, za Boxer na TVS, zina swichi mbili za taa hiyo: moja karibu na pedali ya mguu, ikivutwa na springi nyembamba, na nyingine kwenye usukani, penye mkono wa breki.

Kijana awashe ufunguo, kisha ainue pedali kwa ncha ya kiatu. Taa ikizima, basi pedali ilikuwa hairudi mahali pake: tope na kutu vimeishika, au springi ya kuirudisha imelegea. Hili ndilo tunalolihofia zaidi, kwani hapo taa inasema kweli. Breki inakwaruza njia nzima, ngoma ya gurudumu la nyuma inashika moto, na petroli inaliwa bure. Asafishe, atie mafuta pale pedali inapozungukia (ngoma isiguswe na mafuta hata tone), na springi iliyochoka ibadilishwe.

Ikiwa pedali ni nzima, yamkini fundi alikaza breki ya nyuma akaisahau swichi. Swichi ina nati yake. Aishike swichi isizunguke, asije akazisokota waya, azungushe nati na kuishusha kidogo kidogo hadi taa izime. Kisha ahakikishe kwamba inawaka pale breki inapoanza kushika.

Bado inawaka? Achomoe waya za swichi ya mguu. Taa ikizima, swichi imekufa, na inunuliwe nyingine. Isipozima, ajaribu vivyo hivyo ile ya mkono. Zote mbili zikichomolewa na taa ingali inawaka, atazame waya zilizochubuka chini ya kiti, au balbu. Balbu ile ina nyuzi mbili, wa wati 5 kwa usiku na wa wati 21 kwa breki, na vipini vyake viwili havilingani kimo ili isiingie kinyume. Wako wanaoilazimisha. Dalili yake ni kuwa mng'ao mkali huja pale tu taa za usiku zinapowashwa.

Limebaki la gharama, ambalo mama hakuliuliza, nasi twaona lina haki yake. Mapatano ya hesabu ya kila siku ni ijara. Kitu kilichokodishwa kikiharibika kwa matumizi ya kawaida, kukitengeneza ni juu ya mwenyewe. Basi swichi na springi ni juu ya mama. Waya akiukata kijana bila idhini, huo ni juu yake. Na siku ambayo pikipiki imelala kwa fundi kwa ubovu usiotokana naye, hesabu ya siku hiyo haimlazimu kijana.